Jinsi ya kuchagua tinti ya gari jeusi la kifahari

Gari jeusi halifichi kitu. Likiwa safi linang'aa hadi unajiona usoni, na likiwa na kasoro, kasoro hiyo inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Tinti iliyokaa vizuri kwenye gari jeupe au la rangi ya fedha inaweza kuonekana ya ovyo kwenye gari jeusi, kwa sababu pembeni yake kuna rangi nyeusi halisi ya kulinganishia. Ikielekea zambarau kidogo tu, jicho linalikamata hilo. Ikiwa na vumbi chini yake, kila chembe inahesabika.

Wengi wakifika kwa fundi swali lao la kwanza ni, "Ya giza kabisa ni ipi?" Ningependa swali la giza liwe la mwisho. Anza na vioo ulivyonavyo, uende kwenye sheria, kisha joto, kisha rangi ya karatasi yenyewe, yaani ile plastiki nyembamba ya tinti inayobandikwa kwenye kioo. Ukifuata mpangilio huo, mara nyingi utagundua kwamba giza unalohitaji ni dogo kuliko ulivyofikiria, maana bodi nyeusi na viti vyeusi vimekwisha kukufanyia nusu ya kazi. Pesa ambayo ungeimaliza kwenye giza itumie kwenye ubora.

Hatua ya 1: Kagua vioo ambavyo gari lilikuja navyo

Magari ya daraja hili mara nyingi huja na vioo vyenye mambo ndani yake, na tinti hubandikwa juu ya mambo hayo. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zilizoshikanishwa na plastiki nyembamba katikati, na plastiki hiyo huzuia karibu miale yote ya urujuanimno (UV), ile miale ya jua isiyoonekana inayodhuru ngozi. Magari mengi ya kifahari yana vioo vya namna hiyo hata milangoni, ili kupunguza kelele za barabarani. Kujua ni rahisi. Teremsha kioo cha dereva hadi nusu na utazame ukingo wake wa juu kwa karibu. Ukiona mstari mwembamba unaopita katikati ya unene wake, hicho ni cha tabaka mbili. Kikiwa kipande kimoja kisicho na mstari, ni kioo kilichoimarishwa kwa moto, na hicho hupitisha sehemu kubwa zaidi ya miale ya UVA, ile inayopenya ndani ya ngozi na kuizeesha.

Suala la ngozi si dogo kwa mtu anayeendesha kila siku. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva aliyekuwa ameendesha gari la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa ukielekea dirishani, ulikuwa umekunjamana na ngozi yake kuwa nene, wakati upande wa kulia ulionekana wa mtu mwenye umri mdogo zaidi. Habari njema ni kwamba karatasi nzuri za tinti, hata zile zisizo na giza kabisa, huzuia takriban asilimia 99 ya miale hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia uchukue nyeusi zaidi ili ukinge ngozi, hoja yake haina msingi.

Nenda sasa kwenye vioo vya nyuma. SUV nyingi hutoka kiwandani na vioo vyeusi kuanzia mlango wa abiria wa nyuma. Weusi huo umo ndani ya kioo chenyewe, haujabandikwa. Soma maandishi madogo yaliyochongwa kwenye kona ya kioo. Kwenye magari yaliyoidhinishwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 43, herufi ya Kirumi V karibu na alama ya 43R inamaanisha kioo hicho kinapitisha mwanga chini ya asilimia 70. Kwenye vioo vya soko la Marekani utaona AS3 kwa maana inayokaribiana na hiyo, na AS1 au AS2 kwa vioo vyeupe. Weusi wa kiwandani unaficha mizigo na kupunguza mng'ao, lakini kwa kuzuia joto haufikii karatasi nzuri. Mwenye gari akidhani nyuma pameshakamilika kwa sababu pana giza, abiria wake wataendelea kuungua.

Kuna pia vioo vya mbele vyenye utando wa metali usioonekana, uliowekwa kiwandani kurudisha joto nje. Utautambua kwa kijieneo kilichojaa nukta karibu na kioo cha ndani cha kutazamia nyuma. Eneo hilo huachwa bila utando ili vifaa vya kulipia ushuru wa barabara vipate mawimbi. Ukikuta hivyo, usikimbilie kuongeza kitu hapo kabla ya kupima.

Hitimisha ukaguzi kwa kumwomba fundi apime kila kioo kwa kipimo cha mwanga. Kifaa hicho hutoa namba inayoitwa VLT, yaani asilimia ya mwanga unaopita. Namba ikiwa ndogo, giza ni kubwa. Vioo vya milango ya mbele mara nyingi husoma kati ya 70 na 80, na vile vyeusi vya kiwandani huwa karibu na 20. Ziandike namba hizo kwenye simu yako. Utazihitaji mara mbili baadaye.

Hatua ya 2: Pata kikomo cha sheria kabla ya kupenda kitu

Sheria hupima kioo na karatasi kwa pamoja, na hapo ndipo wengi hunaswa. Asilimia hizo hazijumlishwi, zinazidishwa. Kioo cha 75 kikibandikwa karatasi ya 35 hakisomi 35. Kinasoma 26 na kitu. Kioo hicho hicho kikibandikwa karatasi ya 70 kinasoma takriban 52. Maana yake, mahali ambapo sheria inataka 70 kwa vioo vya mbele, karatasi iliyoandikwa "70" haikuokoi. Itakubidi uchukue ile iliyo wazi kabisa, ya 90 hivi, na hata hiyo itapita tu ikiwa kioo chako kilikuwa karibu na 78 kabla ya kuibandika.

Vikomo vinatofautiana sana. Uingereza inataka vioo vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70, na kioo cha mbele asilimia 75 kwa magari yaliyoanza kutumika kuanzia Aprili 1985. Ufaransa iliweka asilimia 70 kwa vioo vya pembeni vya mbele kuanzia Januari 2017. Ndani ya Marekani kwenyewe, jimbo la Texas linaruhusu hadi 25 milangoni mbele ilhali California inashikilia 70. Vioo vya nyuma mara nyingi huachiwa uhuru zaidi, kwa sharti kwamba gari liwe na vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma pande zote mbili. Tafuta sheria ya mahali gari limesajiliwa, na kama unavuka mipaka mara kwa mara, tafuta na ya huko unakokwenda. Uliza pia kuhusu tinti za kioo, zile zinazorudisha taswira. Sehemu nyingi zimezipiga marufuku au kuziwekea kikomo.

Gari jeusi la kifahari lenye vioo vyeusi huvuta macho ya askari kuliko gari la kawaida. Sheria ya kwenu ikisema 35, usiende kwenye 33 ukitumaini hutapimwa.

Hatua ya 3: Nunua kinga ya joto, si giza

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo gari jeusi linapotofautiana kweli na mengine.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley kule California waliegesha magari mawili ya Honda Civic juani, moja jeusi na jingine la rangi ya fedha. Paa la lile jeusi lilipata joto kuzidi la mwenzake kwa hadi nyuzi 25 za Selsiasi, na hewa ya ndani, pale mtu anapopumulia, ilizidi kwa nyuzi 5 hadi 6. Tofauti hiyo inatokana na bodi, vioo havihusiki. Kwa hiyo hakuna tinti itakayolifanya gari jeusi liwe kama jeupe, na fundi anayeahidi hivyo anakudanganya. Tinti inachofanya ni kupunguza ule mzigo mwingine, wa jua linalopenya kwenye vioo na kuchoma dashibodi, usukani na ngozi ya viti. Kwa vile gari lako tayari limebeba mzigo wa paa na milango, una sababu zaidi ya wengine ya kutochezea mzigo wa vioo.

Nguvu ya jua inayofika kwenye gari imegawanyika hivi, kwa makadirio: karibu nusu ni mionzi ya infraredi ambayo macho hayaioni, zaidi kidogo ya asilimia 40 ni mwanga tunaouona, na asilimia chache zilizobaki ni urujuanimno. Karatasi ya rangi tupu, yaani iliyotiwa rangi tu, hupunguza mwanga unaoonekana, lakini infraredi inaipita bila shida. Unakaa ndani gizani huku mkono wako unaungua. Karatasi nzuri ya seramiki, yenye chembe ndogo sana za kauri, huikamata infraredi, hivyo inaweza kuwa nyepesi kwa macho na bado ikakupoza.

Kwenye makaratasi ya mauzo utakutana na namba mbili, na usizichanganye. Moja ni asilimia ya infraredi inayozuiwa. Hiyo ndiyo wauzaji huipenda, kwa sababu huwa kubwa na inapendeza: 90, 95, 97. Tatizo ni kwamba wengine huipima kwenye kipande kidogo tu cha mawimbi, karibu na nanomita 900 hadi 1,000, ilhali infraredi ya jua inaanzia karibu nanomita 780 na kuendelea hadi 2,500. Karatasi inaweza kung'ara kwenye kipande hicho na kulegea kwingine. Namba ya pili ni TSER, yaani asilimia ya nguvu yote ya jua inayozuiwa, kuanzia mwanga na infraredi hadi urujuanimno, pamoja na hesabu ya joto ambalo kioo kinalimeza kisha kulitoa tena ndani. Linganisha karatasi kwa TSER, na uzilinganishe zikiwa na VLT ileile. Karatasi nzuri ya seramiki yenye VLT 35 hufika TSER ya 50 hadi 60. Ya rangi tupu yenye giza hilo hilo huwa chini sana ya hapo. Muuzaji akiwa hana TSER ya bidhaa yake kwa maandishi, nenda kwingine. Hiyo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu ile taa nyekundu ya maonyesho, ambayo fundi anaiwasha nyuma ya kipande cha karatasi na kukuambia uweke mkono: inasaidia, lakini taa hiyo si jua. Ukipewa nafasi, omba vipande viwili vya VLT sawa, vibandike kwa maji kwenye dirisha la gari lako lililoegeshwa juani, kisha weka kiganja ndani nyuma ya kila kimoja kwa dakika moja. Ngozi itakwambia mengi.

Jambo moja zaidi, ili usije ukavunjika moyo. Karatasi ya seramiki humeza sehemu ya joto, na gari likitembea upepo wa nje hulibeba joto hilo. Gari likisimama juani mchana kutwa, joto hujijenga ndani hata kama tinti ni bora kiasi gani. Litajijenga polepole zaidi na kiyoyozi kitalishinda haraka zaidi ukiwasha, basi. Kwa maegesho marefu, kinga ya kukunjua ya kioo cha mbele bado ina kazi yake.

Hatua ya 4: Chagua aina ya karatasi

Za rangi tupu ndizo rahisi, na kwa gari la aina hii ningeziacha. Rangi zake hazififii kwa kasi moja, hivyo baada ya muda kinachobaki ni ule uzambarau unaojulikana, na hakuna mahali unapoonekana vibaya kama pembeni ya mlango mweusi.

Za metali huzuia joto vizuri lakini huvuruga mawimbi. Gari la kisasa lina antena zilizofichwa kwenye kioo cha nyuma na mara nyingine hata kwenye vile vidogo vya pembeni nyuma, na kuna GPS, simu, ufunguo usiotumia tundu, sensa za upepo wa matairi. Ukiweka metali juu ya yote hayo unajitafutia hitilafu ambayo hakuna fundi umeme atakayeipata kwa urahisi. Zaidi ya hapo, nyingi zinang'aa kama kioo cha kujitazamia.

Za kaboni ni nafasi ya kati inayoheshimika: rangi yake ni kijivu cheusi kilichotulia, haipauki ovyo, haiingiliani na mawimbi. Kama bajeti haifiki kwenye seramiki, hii si aibu.

Seramiki ndiyo chaguo langu kwa gari jeusi la kifahari, hasa zile zinazochanganya tabaka za seramiki na kaboni. Lakini neno "seramiki" limeandikwa kwenye maboksi mengi yasiyostahili. Jina halitoshi. Rudi kwenye TSER, jina la mtengenezaji, na jina kamili la toleo la karatasi hiyo.

Hatua ya 5: Ijaribu rangi dhidi ya weusi wako

Usichague kutoka kwenye kitabu cha vipande ndani ya ofisi yenye taa za umeme. Chukua vipande utoke navyo nje. Weka kila kimoja juu ya karatasi nyeupe juani: hapo utaona kama kinaelekea bluu, kijani, kahawia au zambarau. Unachotafuta ni kijivu kisichoegemea popote, cha makaa. Kumbuka kwamba vioo vingi vya magari vina ukijani wao wa asili, kwa hiyo kibandike kipande hicho kwa maji kwenye dirisha lako, urudi nyuma hatua kadhaa na utazame pamoja na bodi. Tazama kivulini pia. Kuna karatasi zinazoonekana nzuri juani na kugeuka za bluu jioni.

Jaribio la pili ni la ukungu. Baadhi ya karatasi, zikiwemo za seramiki, hutoa weupe fulani hafifu kama moshi jua likiwa chini na kulipiga dirisha kwa pembeni. Kwenye gari lenye dashibodi nyeusi, weupe huo unaonekana dhahiri. Kishike kipande, ukielekeze kwa jua kwa pembe tofauti, na tazama kitu cheusi kupitia kwake. Ukiona maziwa, kiache.

Kisha mwombe fundi akuonyeshe gari alilolibandika karatasi hiyo hiyo miaka miwili au mitatu iliyopita. Gari lililotoka jana halithibitishi kitu kuhusu rangi.

Hatua ya 6: Sasa amua giza

Toa zile namba ulizoandika. Anza na milango ya mbele, kwa sababu ndiyo yenye masharti mengi. Vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma unavitazama kupitia dirisha la mlango, na usiku wa mvua ndipo utakapojua kama ulichagua sawa. Kabla ya kulipa, omba kipande cha ukubwa wa karatasi ya kuandikia, kibandike kwa maji kwa ndani pale macho yako yanapopita kuelekea kwenye kioo cha pembeni, kisha fanya mazoezi ya kurudi nyuma usiku mahali pasipo na taa nyingi. Ukijikuta unateremsha dirisha ili uone, nenda kwenye karatasi nyepesi zaidi. Mwenye umri uliosogea, au ambaye macho yake yanasumbuliwa na taa za magari yanayokuja, asishindane na jambo hili.

Kama sheria ya kwenu inaruhusu, mbele kwa karatasi ya 35 ni mahali pazuri pa kuanzia. Juu ya kioo cha 75 inatoa 26, na ndani pakiwa na viti vyeusi, mtu aliye nje ataona giza zaidi ya namba hiyo inavyosema, kwa kuwa nyuma ya kioo hakuna kitu cheupe cha kurudisha mwanga. Viti vya rangi ya krimu au kahawia nyepesi hufanya kinyume: karatasi ile ile huonekana nyepesi, na vichwa vya viti vinaonekana kutoka mbali. Mwenye ndani nyeupe anayetaka faragha achukue karatasi ya giza zaidi kwa hatua moja kwenye vioo vya nyuma, wala asiguse vya mbele.

Kwa SUV yenye weusi wa kiwandani, watu wengi hutaka mbele pafanane na nyuma. Kama nyuma ni 20, karatasi ya 25 mbele inakupa karibu 19, yaani unakuwa umelinganisha kabisa. Binafsi napendelea mbele pabaki hatua moja nyepesi, na nyuma paongezwe karatasi ya seramiki ya 70. Kule nyuma VLT inashuka hadi 14 hivi, abiria wanapata kinga ya joto ambayo kioo cha kiwandani hakikuwapa, na kwa nje mteremko wa giza kutoka mbele kwenda nyuma unafuata umbo la gari. Kwenye sedani ndefu mteremko huo unapendeza kuliko giza la sare.

Karatasi ya 5 kote, ile ya giza totoro, huwa naishauri kwa shida sana, hata nyuma. Mistari ya gari inapotea: nguzo za milango, ukingo wa paa, urembo wa kromiamu au wa weusi unaong'aa, yote yanamezwa pamoja na kuwa doa moja. Mtengenezaji aliichora mistari hiyo kwa makusudi, na umeilipia.

Hatua ya 7: Kioo cha mbele na paa

Kioo cha mbele ndicho kikubwa na kimelala, hivyo hupokea jua jingi kuliko dirisha lolote. Mahali sheria inaporuhusu, karatasi ya seramiki iliyo wazi hapo inaleta nafuu kubwa kuliko kuongeza giza milangoni. Ila angalia: kama kina ule utando wa kiwandani wa kurudisha joto, faida ya nyongeza itakuwa ndogo. Kama gari linaonyesha mwendo kwenye kioo, hakikisha taswira haitoki mbili baada ya kubandika. Eneo la kamera na sensa ya mvua likatwe na kuachwa wazi. Fundi asiyejua kwa nini hapo pakatwe, usimwachie kioo hicho.

Paa la kioo lisome kwanza kwenye kitabu cha gari. Baadhi ya watengenezaji hawataki karatasi hapo, kwa kuwa kioo kikimeza joto jingi upande mmoja na kingine kikiwa kivulini, kinaweza kupasuka. Paa linalobadilisha giza lake kwa umeme liache lilivyo.

Hatua ya 8: Mchague fundi kwa jinsi anavyolishika gari

Karatasi bora mikononi mwa fundi mzembe ni hasara. Ingia kwenye karakana yake. Unataka chumba kilichofungwa, sakafu iliyomwagiwa maji kutuliza vumbi, maji yaliyochujwa. Uliza kama anakata karatasi kwa mashine ya kompyuta au kwa wembe juu ya kioo. Mashine inaepusha wembe kupita kwenye kioo chako na mipira inayokizunguka, ingawa kioo cha nyuma chenye mviringo bado kinahitaji mkono hodari wa kukitengeneza kwa hewa ya moto. Kioo hicho kibandikwe kipande kimoja bila kiungo katikati, na mistari yake ya kuondoa ukungu isikwanguliwe kwa wembe wakati wowote, hasa kama kuna tinti ya zamani inayotolewa. Tinti ya zamani itolewe kwa mvuke.

Kwa gari jeusi, tazama vitu ambavyo wenye magari ya rangi nyingine hawana haja ya kuvijali sana. Fundi amevaa mkanda wenye bizimu ya chuma? Ana pete, saa, zipu mbele? Kila anapoinama mlangoni, vinagusa rangi yako. Zile nguzo nyeusi zinazong'aa kati ya milango huchubuka hata kwa kitambaa kikavu chenye vumbi. Zifunikwe kabla kazi haijaanza. Maji ya sabuni yanayotiririka mlangoni yakikauka juu ya bodi yenye joto yanaacha madoa, kwa hiyo gari lipoe kivulini kwanza na matone yafutwe papo hapo kwa kitambaa laini. Ndani ya milango ya magari haya kuna spika, swichi za kurekebisha viti na mitambo ya umeme. Fundi makini huweka taulo kwenye ukingo wa chini wa dirisha kunyonya maji, na mlango wake hauloi.

Kama gari lako lina madirisha yasiyo na fremu, uliza atashughulikiaje ukingo wa juu. Kioo hicho hushuka kidogo kila mlango unapofunguliwa na kupanda tena kwenye mpira, na karatasi iliyokatwa vibaya hapo itaanza kuinuka ndani ya wiki.

Kubaliana kwa maandishi: jina kamili la karatasi, VLT kwa kila dirisha, na dhamana ni ya nani, ya mtengenezaji au ya karakana tu. Dhamana inayofaa inataja kupauka, kugeuka zambarau, kububujika na kubanduka.

Hatua ya 9: Pokea gari na ulisubiri likauke

Lipokee mchana. Zunguka nje kwanza ukitafuta mikwaruzo mipya kwenye rangi na nguzo, kabla hata hujatazama vioo. Kisha kaa ndani, tazama kila dirisha dhidi ya anga. Nukta moja mbili za vumbi zinasameheka. Mstari wa vumbi kando ya mpira wa chini, mkunjo kama kidole kwenye kona, ukingo wa juu unaoacha pengo pana lisilo sawa: hayo yarekebishwe hapo hapo, maana hayajirekebishi yenyewe. Ukungu hafifu na vifuko vidogo vya maji ni vitu vingine kabisa. Vinapotea kadiri gundi inavyokauka, siku chache penye jua kali, hadi mwezi penye baridi. Omba apime tena VLT mbele yako na aiandike kwenye risiti.

Usiteremshe madirisha kwa siku tatu hadi tano. Bandika kipande cha plasta juu ya swichi ili abiria asijisahau. Usisafishe kwa ndani hadi gundi ishike kabisa. Baada ya hapo tumia kitambaa laini cha nyuzinyuzi na sabuni isiyo na amonia, kwa kuwa amonia huila karatasi polepole. Vishikizo vya simu vya kunyonya, stika na kingo za chuma za mikanda ya viti viwe mbali na karatasi.

Mwezi ukiisha, egesha gari juani na ulikague tena kwa dakika tano, hasa mistari ya kioo cha nyuma na zile nukta nyeusi za ukingoni, mahali karatasi hushika kwa shida zaidi. Kifuko kilichobaki hapo kwa wakati huo hakitaondoka. Kipige picha, chukua karatasi ya dhamana, umrudie fundi.